Mshipi kwanza, fimbo baadaye: maswali ya wanaoanza kuvua kwa ndoano

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu ambao hawajawahi kuvua. Wengi wanauliza fimbo ya aina gani na chambo bandia cha rangi gani. Karibu wote hawataji samaki wanayemtaka wala mahali watakaposimama, na bila mambo hayo mawili hakuna muuza duka anayeweza kukuchagulia kitu cha maana. Tumejibu zile zilizotaja.

*

*Shikamooni. Nipo Kibirizi, Kigoma, nataka kuvua migebuka nikienda na mtumbwi wa mjomba. Nina laki moja. Dukani nimeoneshwa fimbo, rili na kiboksi cha chambo bandia, vyote kwenye mfuko mmoja. Kaka yangu anasema ninunue mshipi tu. Nimsikilize nani?*

Marahaba. Msikilize kaka yako. Fimbo ina faida kwa mtu anayerusha akiwa nchi kavu. Wewe unakuwa juu ya maji yenye kina, usiku kwa taa, unateremsha wima. Kazi hiyo mkono unaifanya vizuri, na tena unahisi samaki anavyogusa. Zile seti za mfuko mmoja tunazifahamu: rili inaanza kulegea meno kabla msimu haujaisha, na ndoano za kwenye kile kiboksi zinanyooka kama pini.

Nunua mita 100 za nailoni yenye unene wa milimita 0.50 au 0.60. Huo ndio mshipi mama. Samaki mwenyewe hahitaji uzi mnene hivyo, ila mwembamba utakukata vidole. Usishawishiwe kununua mita 300 kwa hoja kwamba ziwa ni refu kwenda chini. Ni kweli Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini upande wetu wa kaskazini oksijeni inakatika kwenye mita 100 au zaidi kidogo, na chini ya hapo hakuna wa kumvua.

Mwishoni funga chubwi la gramu 150 hadi 200. Ukikosa risasi, nati kubwa ya lori inatosha, ipime tu kwenye mizani ya duka. Panda nusu mita kutoka kwenye chubwi, ufunge kitawi cha kwanza, yaani kijiuzi cha kubeba ndoano, cha nailoni ya 0.35 chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kingine kifuate baada ya sentimita 50, hivyo hivyo mpaka vifike vitano. Wazoefu wanafunga kumi na kuzidi, lakini wanajua kuvipokea vikiingia chomboni gizani. Wewe ukianza na kumi, usiku wako wote utaishia kufungua mafundo.

Vipimo hivyo vina sababu. Kitawi kinapaswa kuwa kifupi kuliko nusu ya nafasi iliyopo kati yake na mwenzake, la sivyo ndoano ya juu itafika kwa ya chini na zitashikana. Kinapaswa pia kuwa chembamba kuliko mshipi mama, ili kikinasa mwambani kikatike chenyewe, upoteze ndoano moja na si mshipi mzima.

Ndoano iwe namba 4 hadi 6, uivalishe. Chukua nyuzi chache za kiroba cheupe au manyoya meupe ya kuku, uyafunge kwa uzi wa cherehani chini kidogo ya tundu la ndoano, yaning'inie sentimita 3 au 4. Mgebuka anakula dagaa, na kitu cheupe kinachopepea kwenye mwanga wa taa kinamtosha. Usijaze manyoya mengi, maana yakiwa mazito yanafunika ncha na samaki anagonga bila kushikwa.

Kabla ya kuushusha, weka alama. Pima moja, yaani mikono miwili ikinyooshwa, ni kama mita 1.8. Kila baada ya pima 5 funga kipande cha uzi wa rangi, na rangi zipishane. Shusha pima 10, vuta juu nusu mita kwa mkato, achia, vuta tena. Kukiwa kimya kwa dakika tano, ongeza pima 5. Akigusa, angalia alama iliyo mkononi hapo hapo. Migebuka hukaa kwa kundi katika kina kimoja, na anayekumbuka kina hicho ndiye anayejaza ndoo wakati jirani yake bado anapapasa.

Kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, uvivae kwenye kidole cha shahada na cha kati. Chenji itakayobaki usiikimbilie dukani. Ukipoteza mshipi wa kwanza, na utaupoteza, utakuwa na hela ya wa pili.

*

*Namba za ndoano zinanichanganya. Mwenye duka Ujiji ananiambia namba 10 ni ndogo, halafu ananionesha 2/0 na anasema ni kubwa.*

Yuko sahihi. Kwenye namba za kawaida, namba ikikua ndoano inapungua: 10 ni ndogo kuliko 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Baada ya 1 hesabu inageuka. Zinakuja 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikikua ndoano nayo inakua. Ngege wadogo wanataka 8 hadi 10, migebuka 4 hadi 6, kuhe, samaki mkubwa wa Tanganyika, 1 hadi 2/0. Kwa sangara mkubwa ni kuanzia 5/0, lakini huyo asiwe samaki wako wa kwanza.

Viwanda havilingani kwa vipimo, kwa hiyo chukua ndoano uliyoizoea uilinganishe na mpya kwa macho. Jaribu na ukali wake: iburuze ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, mrudishie mwenyewe. Kisha ibane kwa plaizi na uivute tumbo kidogo. Inayopanuka na kubaki imepanuka ni laini mno. Inayokatika kavu nayo ni mbaya, na hiyo ni hatari zaidi kwa jicho lako.

*

*Nilishanunua fimbo na rili, ushauri wenu umenikuta nimechelewa. Uzi unajisokota, unatoka kwa vifungu, na kila nikirusha mara tano nakaa nusu saa nafumua. Nipo Mwanga, hapa Kigoma.*

Dada, vyombo vyako huenda ni vizima. Mara nyingi kosa huanzia siku ya kuweka uzi.

Weka kibonge cha uzi wa dukani sakafuni, lebo ikitazama juu. Pitisha uzi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, ufunge kwenye rili, kisha ukiubana kwa kitambaa chenye maji zungusha mpini mara 10 tu. Legeza. Uzi ukijikunja wenyewe hewani, pindua kibonge lebo itazame chini, uendelee. Watu wengi wanaruka kipimo hiki kidogo, wanajaza mita 150 zote zikiwa zimeshasokotwa.

Jaza mpaka zibaki milimita 2 kufikia ukingo wa bobini. Ukijaza hadi juu, uzi unamwagika kwa mafungu kama unavyoeleza. Ukijaza nusu, unasugua ukingo na chambo hakifiki mbali. Rili ya saizi 2500 au 3000 inataka nailoni ya 0.25 hadi 0.30. Aliyekuwekea 0.50 humo amekuonea, kwa sababu uzi mnene unakumbuka umbo la bobini na utachomoka kama springi.

Ukisharusha, funga kikono cha waya kwa mkono, usikifunge kwa kuzungusha mpini. Halafu vuta uzi kidogo ukaze kabla ya kuanza kukusanya. Na breki ikiwa inalia kwa sababu samaki anavuta, usizungushe mpini. Kwenye rili ya uwiano wa 5 kwa 1, kila mzunguko mmoja wa mpini wakati breki inateleza unaongeza misokoto mitano kwenye uzi. Ukipambana hivyo na samaki kwa dakika chache, uzi umekwisha.

Ulionao sasa unaweza kupona. Ondoa chambo na kila kitu kilichofungwa, keti nyuma ya mtumbwi unaotembea polepole, achia mita 50 majini, uziache zivutwe kwa dakika chache. Zitajifumua zenyewe. Kusanya ukizibana kati ya vidole viwili.

Kuhusu breki yenyewe: iwe robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Nailoni ya 0.30 hubeba kilo 6 hivi, kwa hiyo breki iteleze kwenye kilo 1.5 hadi 2. Mizani si lazima. Funga chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji kwenye uzi unaotoka moja kwa moja kwenye rili, kisha inyanyue. Breki ianze kuteleza pale chupa inapotaka kuacha ardhi. Ikinyanyuka juu bila uzi kusogea, umekaza mno.

*

*Kwenye kabati la duka kuna vijiko, samaki wa plastiki wenye mdomo, vipande vya chuma na viluwiluwi vya mpira. Nasimama kwenye miamba upande wa Katonga, nataka kuhe au chochote. Nichague vipi? Nina fimbo ya mita 2.4.*

Chukua vitatu, viwili vikiwa vya aina moja: vijiko viwili vya fedha vya gramu 12 hadi 18, na kipande cha chuma, jigi, cha gramu 30. Viluwiluwi vya mpira viache kwanza. Vinataka mkono uliozoea kutambua mguso mdogo, na huo huna bado.

Kijiko ndicho mwalimu mzuri kuliko vyote. Ukivuta taratibu kinayumba na kumeta, ukisimama kinaanguka kikipepea, na samaki wengi hugonga wakati huo wa kuanguka. Fedha inashinda rangi nyingine hapa kwa sababu chakula cha ziwa hili ni dagaa, na dagaa wanang'aa hivyo. Urefu wa sentimita 5 hadi 8 unalingana nao. Nyekundu unayoiona nzuri kwenye kabati ndiyo rangi inayopotea mapema zaidi majini. Ukishashuka kina fulani inaonekana nyeusi, basi usiilipie zaidi.

Samaki wa plastiki mwenye mdomo anavutia, na anafanya kazi, ila mdomo ule unamzamisha kila unapovuta. Mbele ya miamba maana yake ni kunasa. Mnunue baadaye, ukishajua chini ya maji pale unaposimama pana nini.

Namna ya kufunga. Uzi wa rili uishie kwenye kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka. Kutoka hapo, sentimita 50 hadi mita moja za nailoni ya 0.28 au fluorokaboni (uzi usioonekana sana majini), kisha kijiko. Kiungo kinazuia kijiko kuusokota uzi wote. Uzi huo wa mbele usiwe mnene kwa sababu maji yetu ni maangavu na samaki anauona. Fundo: pitisha uzi tunduni, uuzungushe mwenyewe kwa mwenyewe mara 5 au 6, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitengeneza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata moto wa msuguano, na hupoteza nguvu pale pale kwenye fundo. Kata ncha, bakiza milimita 2.

Ndoano ya meno matatu iliyokuja na kijiko iondoe, uweke moja tu ya namba 1 au 1/0. Utanasa mara chache zaidi, na kumtoa samaki itakuwa kazi ya sekunde.

Rusha, acha kizame ukihesabu mpaka 5, vuta. Mara ya pili hesabu mpaka 10, kisha 15, mpaka uhisi kimegusa chini. Sasa unajua kina. Punguza hesabu mbili, uvute juu kidogo tu ya mawe. Mwendo wa mpini ni mzunguko mmoja kwa sekunde, na kila mizunguko minne simama kidogo. Jigi ifanyie kazi kwenye vipande vya mchanga kati ya miamba, maana kuhe hupenda mchanga: iache iguse chini, inyanyue nusu mita, iache ianguke uzi ukiwa umekaza kidogo. Uzi ukilegea wakati inaanguka, hutahisi akiichukua. Saa nzuri ni saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 11 jioni mpaka giza liingie. Kusi likivuma, kati ya Mei na Agosti, kijiko cha gramu 12 hakitakwenda popote. Tumia jigi au ubaki nyumbani.

Jambo moja kuhusu kuhe. Dume na jike hulinda mayai na watoto pamoja. Ukiwaona wawili wakubwa wamesimama juu ya wingu la vifaranga kwenye maji ya karibu, sogea mbali. Ni rahisi kuwashika kwa sababu wanafukuza kila kinachokaribia, lakini ukimtoa mmoja, vifaranga vinaliwa na wengine mbele ya macho yako.

*

*Huku Tabora hatuna ziwa, tuna mabwawa kama Igombe. Hivyo vijiko vinafaa kwa perege na kambare?*

Kwa perege, hapana. Kwa kambare, mara chache. Maji ya bwawa yenye tope yanazima mng'ao, na samaki wenu wanatafuta kwa mdomo na harufu. Okoa hela.

Perege: mwanzi wa mita 3 hadi 4, nailoni ya 0.20 yenye urefu sawa na mwanzi, ndoano namba 8 au 10, na boya lililokatwa kwenye kandambili kuukuu, ukubwa wa kifundo cha kidole. Ongeza virisasi vidogo chini yake mpaka libaki sentimita moja tu juu ya maji. Perege ananyonya chambo taratibu, na boya kubwa likielea lote humgomea, akaachia kabla hujajua. Chambo ni mnyoo, au ugali uliokandwa na unga kidogo mpaka ushike. Donge lisizidi ukubwa wa harage.

Kambare analala chini na anatembea usiku. Tumia nailoni ya 0.40, chubwi la gramu 30 lenye tundu ili uzi upite ndani yake bila kumpa uzito, ndoano 2/0, na ini la kuku au dagaa waliochacha. Ini linatoka haraka, lifunge kwa uzi wa cherehani mizunguko kadhaa. Ukimshika, angalia miiba ya mapezi ya kifuani: ina meno kama msumeno. Mshike nyuma ya kichwa, kiganja kikiwa nyuma ya miiba.

Igombe ni bwawa lililojengwa kwa ajili ya maji ya mji. Ongea na wahusika wa bwawa kabla ya kushuka ukingoni.

*

*Navua Malagarasi upande wa Uvinza. Mara tatu uzi umekatika ghafla samaki akiwa bado mbali. Je, ninunue uzi mnene zaidi?*

Kwanza soma ncha ya uzi uliobaki mkononi. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo lilifunguka. Ikiwa imechakaa na kuota manyoya kwa sentimita kadhaa, ni mwamba au gogo. Ikiwa imekatwa safi, ni meno, na mto huo una samaki wa meno marefu yaliyo nje ya mdomo ambao hakuna nailoni ya kawaida inayowahimili. Hapo unene hausaidii. Weka sentimita 20 hadi 30 za waya mwembamba wa chuma wa kusukwa kati ya uzi na ndoano. Waya ukijikunja kona, utupe, utakatika hapo hapo. Na kumtoa ndoano ni kwa plaizi ndefu, si kwa vidole.

Mto huo una mamba na viboko. Simama mita kadhaa kutoka ukingoni, usioshee samaki pale ulipovulia, na giza likianza kuingia uwe umeshaondoka.

*

*Mimi navua kujifurahisha tu, Jumapili. Nahitaji leseni?*

Muulize afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kununua chochote, au anzia kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo, BMU. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na kujifurahisha hakukutoi nje yake. Uliza na kuhusu kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mtu aliyekuja na fimbo mpya mwezi Juni hakuwa na kisingizio. Maji yaliyo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Gombe hayavuliwi mwaka mzima.

*

*Mwanangu alijichoma ndoano kwenye dole gumba, ikaingia mpaka kijino. Tuliivuta kwa nguvu ikamchana vibaya. Ilitakiwa tufanyeje?*

Pole sana, mama. Usiivute kamwe kijino, yaani ile ncha ndogo inayorudi nyuma, kikiwa bado kimeshika nyama. Kata uzi uliounganishwa na ndoano. Chukua kipande cha uzi mnene, urefu wa mkono, ukipitishe kwenye tumbo la ndoano, ncha mbili uzizungushe imara kiganjani. Kwa kidole cha mkono mwingine bonyeza mguu wa ndoano chini, upande wa tundu, mpaka ulale sambamba na ngozi. Hapo kijino kinaachia nyama. Kisha vuta uzi kwa mkato mmoja wa ghafla, sambamba na ngozi, kuelekea upande ilikotokea. Watu wote wakae nyuma ya mtoto, maana ndoano inaruka. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke zahanati aangaliwe chanjo ya pepopunda.

Ikiwa ndoano imeingia karibu na jicho, shingoni, au kwenye kiungo, usiiguse. Ifunike isitikisike, uende hospitali nayo ikiwa pale pale. Na kwa mtoto anayejifunza, bana kijino kwa plaizi kabla ya kumkabidhi mshipi. Atapoteza samaki mmoja mmoja asipoukaza uzi, lakini ndoano ikimwingia itatoka bila shida.